Sauti ya Pili ya Shangazi

Shangazi yangu alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni. Mtaani walimwita Mama Stesheni, na wengi hawakujua kwamba ana jina jingine. Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofani, juu ya ukumbi wa tiketi, chumba chembamba chenye dirisha moja pana lililotazama majukwaa yote mawili. Mezani palikuwa na kipaza sauti kilichofungwa kitambaa ili kisikwaruze, simu ya kuongea na stesheni nyingine za njiani, chupa ya chai, na darubini ambayo hakuna aliyejua aliitoa wapi.

Kazi hiyo aliipata kwa kelele. Alianza akiuza tiketi dirishani. Siku moja foleni ikavurugika, watu wakaanza kukanyagana, naye akatoka, akapanda juu ya kiti na kuwapanga kwa maneno tu, bila tusi hata moja, kila mtu akijiona ametajwa yeye. Stesheni masta wa wakati ule alikuwa akipita. Alisema kumweka mtu mwenye sauti ile nyuma ya kioo ni kuharibu mali ya umma, na haukupita muda akampandisha juu.

Alichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: treni gani, jukwaa gani, inaondoka saa ngapi. Aliyasema hayo, kisha akaongeza ya kwake. Mama mwenye mtoto mgongoni aliambiwa apunguze mbio, dereva ameshamwona. Kijana wa shati la mistari aliulizwa kama lile begi analoliacha kwenye benchi ni lake au la mwenzake. Treni ikichelewa, shangazi alieleza imekwama wapi na kwa nini, na pale asipojua alisema hajui. "Ndugu abiria, hatujui itafika saa ngapi. Mwenye haraka atafute basi. Mwenye nafasi akae kivulini, nikipata neno nitawaambia." Wakubwa walimkaripia mara kadhaa kwamba anafukuza wateja, mwishowe wakachoka wao.

Mumewe alikuwa dereva wa treni aliyestaafu. Tulimwita Mzee Breki, na si kwa ajili ya kazi yake, ila kwa sababu hakuna jambo aliloliendea bila kupunguza mwendo kwanza. Hata sukari kwenye chai aliikoroga kama anayeogopa kugonga kitu. Ngurumo za injini zilikuwa zimemharibu masikio. Sisi wengine tulimpigia kelele mpaka mishipa ya shingo ikatutoka, asisikie. Shangazi alizungumza naye kwa utulivu, akiyatenganisha maneno, na mzee alisikia kila kitu, hata yale ambayo angependa yasimfikie. Nilikaa kwao muda wote niliokuwa nasomea uuguzi, na sijaona nyumba yenye mazungumzo mengi kama ile, ingawa nusu ya wenye nyumba alikuwa kiziwi.

Kisha shirika la reli likaleta mtambo wa kutangaza. Ungepokea taarifa kutoka makao makuu na kuzisema wenyewe katika stesheni zote, hata vile vituo vidogo vya njiani ambavyo havijawahi kuwa na mtangazaji. Kilichokosekana ni sauti. Walimtuma mhandisi, msichana mwembamba mwenye miwani mikubwa, ambaye alikuwa amesafiri kwenye njia ile tangu akiwa mwanafunzi. Yeye ndiye aliyewaambia wakubwa wake kwamba ama sauti iwe ya Mama Stesheni, ama wajiandae kwa ghasia.

Mhandisi hakumzunguka. Alikuja nyumbani, akakaa kwenye kochi letu lililobonyea katikati, akaeleza kila kitu. Shangazi angerekodi sentensi nyingi, halafu kompyuta ingejifunza sauti yake mpaka iweze kusema hata maneno ambayo yeye hakuyarekodi. Shangazi alikuwa karibu kustaafu. Aliuliza swali moja tu, kama sauti itatumika kwa mambo ya treni peke yake. Akahakikishiwa, akakubali. Na alikubali kwa furaha, mtu asikudanganye. Hakujaliwa kupata mtoto, na asubuhi ya kwenda kurekodi, akiwa anajifunga kitambaa kichwani mbele ya kioo, aliniambia kumbe naye ataacha nyuma kitu kinachoongea.

Chumba cha kurekodia kilikuwa na magodoro ukutani, hakuna dirisha, na joto la kukausha nguo. Alirudi kila jioni akiwa hoi lakini anacheka. Alisema siku nzima amekuwa akitangaza treni zisizokuwepo kwa abiria wasiokuwepo. Mhandisi akazoea kuja kula kwetu. Akaanza kumwita shangazi, na nakiri nilimwonea kijicho kidogo.

Siku mtambo ulipoanza kazi tulikwenda stesheni sote watatu. Sauti ikatoka, ni yake hasa, pamoja na ule mvuto mdogo mwishoni mwa neno kama mtu anayekushika mkono. Shangazi alijiziba mdomo. Mtoto mmoja alimtazama yeye, akatazama spika, akajificha nyuma ya sketi ya mama yake. Mzee Breki alikaa ametega sikio, uso umekunjamana. Tulimuuliza ameionaje. Alifikiri kwanza, kama kawaida yake, kisha akasema anamsikia mwanamke fulani anaongea, ila haelewi anasema nini.

Labda mtambo uliongea haraka. Shangazi aliamua kwamba ni mapenzi, na hakuna aliyembishia.

Akastaafu. Chumba cha juu kikafungwa kwa kufuli. Kwa muda mrefu mambo yalikwenda vizuri. Watu walimsalimia sokoni wakimtania kwamba wamemwacha stesheni sasa hivi, amefikaje sokoni kabla yao? Na yeye alijibu kwamba siku hizi anatumia njia ya mkato.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mshonaji, Mama Pacha. Alikuwa akimuuguza mama yake mzazi, ambaye figo zake zilikuwa zimechoka. Bibi huyo alilazimika kwenda hospitali kubwa kila wiki kusafishwa damu, na hospitali ile iko mwisho wa njia ya treni. Asubuhi moja treni ya mizigo iliacha reli mbali huko, njia ikaziba kabisa. Makao makuu walijua reli imeharibika, ila hawakujua itatengenezwa lini. Mtambo ukatangaza: treni itawasili baada ya muda mfupi, tunaomba radhi kwa usumbufu. Ukarudia, ukarudia tena. Mama Pacha alikuwa kwenye benchi, mama yake amemwegemea begani. Kituo cha mabasi kiko ng'ambo ya barabara, na kutoka pale alipokaa aliyaona mabasi yakijaa na kuondoka. Hakunyanyuka. Alipokuja kushtuka jua lilikuwa utosini, na walipofika hospitali kwa basi zamu yao ilikuwa imepita, vitanda vimejaa, wakaambiwa warudi kesho.

Bibi hakuifikia kesho akiwa mzima. Alivimba uso na miguu, pumzi zikawa za kuomba, akakimbizwa na kulazwa. Mimi nilikuwa wodi ile kwa mafunzo, nikamwona akipigania hewa, na si jambo ninalopenda kulisimulia kwa kirefu. Alipona. Ilichukua muda, lakini alipona.

Aliporudi kutoka hospitali, Mama Pacha alikuja kwetu. Shangazi alimvutia kiti, hakukaa. Alianza kwa kusema hakuja kugombana, anajua mwenzake ameshastaafu na hahusiki na lolote, ila kuna neno lazima alitoe, asipolitoa litamkaa kooni.

"Watu waliniambia niende kwenye basi," alisema. "Nikawajibu, huyo anayesema ni Mama Stesheni, mimi namjua. Angekuwa hajui, angesema hajui. Dada, nilikaa pale kwa sababu ni wewe."

Akaaga kwa adabu, akatoka.

Shangazi hakunijibu nilipomsemesha. Hakumjibu mumewe. Alipika, alifagia, alianua nguo, yote kimya, mdomo umefungwa kama mtu aliyeshika sindano kwa meno. Siku zikapita hivyo. Hatimaye Mzee Breki alinivuta pembeni, amevaa koti lake la kutokea, akaniomba nimpeleke hospitali kwa sababu masikio yamekufa kabisa, hasikii tena chochote ndani ya nyumba. Ilibidi nimwandikie jibu kiganjani mwangu kwa kalamu: masikio ni yale yale, baba, mkeo ndiye hasemi.

Mzee alisoma, akavua koti, akaenda kukaa karibu naye jikoni. Sijui walielewana vipi. Ila kesho yake shangazi alivaa viatu vyake vya kazini na kwenda stesheni.

Stesheni masta wa sasa alikuwa mtu mstaarabu. Alimkaribisha chai ofisini kwake ghorofani, akasikitika kwa dhati juu ya mgonjwa. Lakini alimweleza kwamba mtambo haukudanganya. Makao makuu ndio wanaochagua sentensi, na "muda mfupi" ndiyo lugha rasmi ya ucheleweshaji. Yeye mwenyewe hana kitufe cha kuunyamazisha. Na sheria za usafiri, alizozisoma mwanzo hadi mwisho, hazisemi neno kuhusu sauti ya mtu iliyobaki kazini baada ya mwenyewe kuondoka. Shangazi alirudi chini akimwona mtu huyu kuwa ni mwema na hana msaada, jambo lililomuudhi zaidi kuliko angekuwa mbaya.

Kwenye ngazi alimkuta mhandisi akimsubiri, macho mekundu nyuma ya ile miwani. Alikuwa ameshasikia habari ya Mama Pacha.

"Shangazi, nimepitia sentensi zote zilizomo," alisema. "Ile ya 'hatujui' haimo. Hakuna aliyeiandika. Hata mimi sikuiandika."

Shangazi alimwambia anataka sauti yake itolewe. Yote, kila stesheni, leo. Amelishwa maneno ambayo asingeyasema akiwa na akili zake, na asingependa afe huku akiendelea kuyasema. Mhandisi hakumbishia. Alimwambia tu kwamba yeye hana uwezo wa kuuzima, lakini mamlaka ya usafiri inatunga kanuni za mitambo inayozungumza na wananchi kwa niaba ya ofisi, na kutakuwa na kikao cha kukusanya maoni katika ukumbi wa halmashauri. Aje, aseme mwenyewe. Yeye pia atasema, na kama kazi itaota mbawa, basi iote.

Shangazi alijiandaa kama anayekwenda kuozesha. Alisimama mbele ya kioo akayapanga maneno yake, Mzee Breki akiwa kwenye kochi akimwashiria kwa mkono apunguze mwendo. Alitaka kuanza na kumaliza kwa jambo moja: nirudishieni sauti yangu.

Ukumbi ulijaa. Stesheni masta aliongea, kwa uungwana na kwa kirefu. Mhandisi aliongea, akasema wazi kwamba mtambo ulitengenezwa ili usikose jibu, na kwamba hilo ndilo kosa lake. Mama Pacha alikuwa ameketi nyuma kabisa. Kisha, kabla ya zamu ya shangazi, akainuka mwalimu mmoja kipofu, mtu mzima wa makamo, amevaa tai, kutoka moja ya vile vituo vidogo vya njiani.

Alieleza kwamba kabla ya mtambo alikuwa akiuliza wapita njia. Wengine walimsaidia vizuri, wengine walimburuta mkono kama gunia. Aliwahi kupandishwa treni ya upande wa pili na watu waliotaka kucheka tu. Kwa hiyo mkewe alikuwa akimsindikiza kazini kila asubuhi, kisha anarudi, jioni anamfuata tena, na maisha ya watu wawili yakawa ya mtu mmoja. Sasa anakwenda peke yake na mkewe amefungua genge. "Nasikia wengine mnataka sauti ile izimwe," alimalizia. "Naomba mnikumbuke na mimi kabla hamjaizima." Akakaa.

Wakamwita shangazi. Alisimama akamtazama mwalimu, hata mwenyekiti akadhani hakusikia, akarudia kumwita.

"Nimesikia," alisema. "Nilikuja hapa kudai sauti yangu. Maneno nilishayapanga, na mume wangu ameyapitisha. Sasa sijui niseme nini."

Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Mwalimu abaki nayo. Sina roho ya kumnyang'anya. Lakini jirani yangu nusura amzike mama yake kwa ajili ya sauti hiyo hiyo. Mimi nilipokosea kule juu, mtu alipanda ngazi, akanigongea mlango, akanipa ukweli wangu, na kosa nikalisahihisha palepale. Huyu wa sasa akikosea, mwananchi akagonge mlango gani?"

Mwenyekiti alimuuliza angependa kanuni ziseme nini, na hapo shangazi aliongea kama aliyerudi mezani kwake. Alisema mtambo ujitambulishe kwamba ni mtambo, ili anayemjua yeye asiuamini kwa imani aliyompa mtu. Alisema ufundishwe kukiri kwamba haujui. Alisema katika stesheni awepo binadamu mwenye ruhusa ya kuunyamazisha na kusema kilicho kweli, na watu wamjue kwa sura. Na mwenye sauti aulizwe upya kila wanapotaka kuisemesha jambo ambalo hakulikubali, kwa sababu ile "ndiyo" yake ilikuwa ya treni zinazofika, haikuwa ya kuwapoza watu wasilalamike.

Kikao kilipovunjika, watu walimzunguka. Nilimwona Mama Pacha akipenya katikati yao. Alichukua mkoba wa shangazi, akautundika begani mwake kama vile amechoka kuuona umeshikwa vibaya, na wakatangulia kutoka, wakiongea habari za dawa za bibi.

Kanuni zilichukua muda wake, kama kila kitu kinachopita kwenye meza nyingi. Kujitambulisha kulikubaliwa mapema, na sasa kila tangazo linaanza kwa kusema hii ni sauti ya mtambo. Lile la pili, la kukiri kwamba haujui, liliwapa tabu kuliko yote. Makao makuu walikubali maana yake lakini wakakataa neno lenyewe. Walitaka iwe "taarifa haijapatikana kwa sasa". Mhandisi aling'ang'ana nao kikao baada ya kikao. Walipolegea, shangazi alirudi kwenye kile chumba cha magodoro akasema "hatujui" kwa kila namna: kwa huruma, kwa ukali, kwa kutabasamu. Iliyochaguliwa ni ile ya mwisho, aliyoisema akiwa amechoka na anataka kurudi kwake. Mhandisi aliona hiyo ndiyo watu wataiamini.

Chumba cha juu kilifunguliwa, akawekwa mama mmoja mpole mwenye ruhusa ya kuuzima mtambo na kushika kipaza sauti. Hayo ni katika stesheni kubwa tu. Vituo vidogo bado havina mtu. Na lile la kumuuliza mwenye sauti upya limebaki linajadiliwa hadi leo. Mhandisi hakufukuzwa wala hakusifiwa, alihamishiwa kitengo cha taa za njiani. Bado anakuja kula kwetu, na shangazi hakosi kumuuliza kanuni ile imefikia wapi.

Mwalimu wa tai hakutoka akilini mwa shangazi. Siku moja aliamua tukamtembelee, akapika vya kupeleka, tukapanda treni, yeye, Mzee Breki na mimi. Kituo chenyewe ni jukwaa fupi la zege, benchi moja na spika juu ya nguzo. Tulipokuwa tunashuka sauti yake ilikuwa inatutangazia tulipofika. Shangazi alisimama akaisikiliza mpaka mwisho, kama unavyomsikiliza ndugu mdogo anayekariri shairi mbele ya wageni, halafu akaguna kwamba neno la mwisho amelimeza.

Mwalimu alikuwa anatungoja pamoja na mkewe. Walipopeana mikono shangazi alikosea akamwita "mume wangu" badala ya "mwalimu wangu", akaangua kicheko, kile chake cha tumboni kinachomfanya ashike ukuta. Mwalimu aligeuza uso upande wake, akabaki hivyo.

"Mama, nimekuwa na wewe kila asubuhi," alisema, "na sikujua kwamba unacheka."

Ilikuwa siku nzuri. Mwalimu na Mzee Breki walitokea kupendana ghafla, kwa sababu mwalimu alitaka kujua kila kitu kuhusu treni alizopanda miaka yote bila kuziona, na mzee alikuwa amekosa kwa muda mrefu mtu wa kumweleza jinsi mteremko wa sehemu ile unavyotaka kushikwa. Tatizo ni kwamba mmoja alikuwa hamsikii mwenzake hata kidogo, na mwingine alikuwa haoni ishara za mikono ambazo mzee hutumia anaponogewa. Shangazi ikabidi akae katikati yao. Swali la mwalimu alimrudia mumewe polepole, neno kwa neno. Mikono ya mumewe alimtafsiria mwalimu: sasa anakunja, sasa anafunga breki, sasa ng'ombe amekatiza. Waliendelea hivyo tangu mchana hadi jioni, mke wa mwalimu akiwaongezea chai, mimi nikiwa sina kazi ila kuwatazama.

Tulipopanda treni ya kurudi nilimuuliza kama amefurahi. Akafungua mdomo, kikatoka kikwaruzo tu. Sauti ilikuwa imemwisha. Akaonyesha koo lake, akaegemea dirisha, akalala, na Mzee Breki akamfunika miguu kwa koti.